Usafi wa Asilimia Tisini na Tisa

Jumatatu, 3 Machi 2025

"Kitu chenye usafi wa asilimia tisini na tisa hakiwezi kumdhuru mtu." Donatus huyo, jana, mbele ya duka lake hapa Buseresere. Upuuzi! Zebaki tunayokamatia dhahabu nayo ni safi. Nani anaitia kwenye chai?

Anachouza ni unga mweupe kwenye vichupa, umeagizwa ng'ambo. Nimesoma habari zake mpaka macho yakauma. Ni kemikali ya watafiti. Inazima kinasi, kimeng'enya kinachopitisha taarifa ndani ya seli. Unakizima, unaangalia seli itafanya nini, unajifunza. Basi. Lebo yenyewe inasema: kwa maabara tu, si kwa binadamu. Lakini huku kwetu mtu akishaona tisini na tisa, mstari unaofuata hausomi.

Na Otmar, mdogo wangu, ana saratani ya damu. Amenunua kichupa.

Jumatano, 5 Machi

Nimepokea majivu ya Kwaresima kanisani, nikaenda moja kwa moja kwa Otmar. Vidonge vya hospitali — navyo vinazima kinasi, ila hivyo vimejaribiwa kwa watu miaka na miaka — viko kabatini. Hajameza tangu Jumapili. Vinamkaza misuli, anasema. Tena Donatus kamwambia vina wanga wa mahindi ndani, vimechakachuliwa.

"Dada, wewe ungenunua dhahabu iliyochanganywa?"

Nikakosa jibu. Mimi! Ninayewatoa jasho madiwani kwa maswali redioni! Suzana, mkewe, akaangalia chini kunisitiri.

Kichupa bado hakijafunguliwa. Jumamosi Donatus atakuja mwaloni, pale wanapooshea dhahabu, awapimie wateja dozi. Kwa mizani yake ya dhahabu.

Alhamisi, 6 Machi

Jibu limekuja nikipepeta mchele. Wanga umewekwa makusudi! Dawa yenyewe ni kidogo mno. Bila kuchanganywa, kidonge chenye kipimo sawasawa kingetengenezwaje? Huko si kuchakachua, ni kupima.

Donatus, subiri Jumamosi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemshinda. Kweupe, saa nne asubuhi, karasha za kusagia mawe zimezimwa ili watu wasikie.

Nilianza na wanga, wakaanza kuguna. Donatus akaona wateja wanamponyoka. Akaniuliza, Mama Jenifa, wewe umekuwa daktari lini? Nikamjibu, siku ileile uliyokuwa wewe. Wakacheka mpaka wenye beleshi wakaegemea beleshi.

Kisha nikawageukia wachimbaji. Mtu akikuletea kiroba cha mawe, unalipa kabla ya kusaga kidogo na kuosha? Wakasema ni mjinga tu anayelipa. Nikauliza: basi huu unga, nani ameusaga na kuuosha? Kwenye tumbo la nani?

Halafu Maganga, mwenye karasha kubwa, akaniita mama kwa Kisukuma, taratibu:

"Mayu, kumbe sampuli ni sisi."

Mwalo mzima ukalipuka kwa kicheko. Donatus akakunja mizani yake, akaondoka bila kuaga. Otmar akaja mbele, akaweka kichupa kwenye ndoo yangu, muhuri haujakatwa. Akamwomba Suzana maji, akameza kidonge cha hospitali mbele ya watu wote. Mdogo wangu! Nimemwambia ya misuli akamweleze daktari, asijiamulie. Wengine wakaleta vyao. Nimebeba ndoo mpaka nyumbani kama nimebeba kombe.

Sasa hivi ndio navitoa, nivipeleke kwa mfamasia. Cha Otmar kizito. Cha pili chepesi. Cha tatu chepesi. Cha Maganga, amekiandika jina kwa kalamu ya wino — kitupu. Kikavu kabisa; hakungoja mizani ya Donatus.

Aliposema sampuli ni sisi, hakuwa akitania.

Nampigia, simu inaita tu. Basi nakwenda, na pale mwaloni nitapaza sauti hivi, sitabembeleza mtu:

Maganga, na nyote mliorudisha vichupa vitupu mkacheka pamoja nasi: aliyeshindwa leo ni Donatus, si ninyi, kwa hiyo msinifiche. Semeni mmekunywa kiasi gani, na tangu lini. Acheni karasha, pandeni gari, twendeni hospitali leo hii damu na maini yapimwe. Maganga, wewe utangulie. Wenzako wanakuangalia wewe.