Kadi Niliyosema Ni Hii ya Mezani

Baba watoto,

Hilo sanduku jeusi kando ya kompyuta yangu USILIGUSE. Ndani yake ndimo ilimo kadi ya picha. Bila hiyo, kompyuta haiwezi kumaliza picha za ile zahanati niliyoichora, na wenyewe wanazitaka kesho asubuhi.

Jana si nilikuambia, "Nichungie kadi iliyo mezani"? Leo nakuta umeifungia kabatini kadi ya mwaliko wa harusi ya dada yako, halafu sanduku umelichomoa ili upige pasi! Kazi ya saa tano imekwenda na maji. Nimekuuliza, ukanijibu, "Si ulisema kadi?" Ukacheka, ukaenda zako kuoga.

Nimewasha tena, naanza upya. Itaisha saa kumi jioni, na leo itaisha kweli. Pasi ichomeke chumbani. Feni ya sanduku ikinguruma, iache ingurume. Umeme ukikatika nipigie, hata kama niko kikaoni.

~~Harusini nenda peke yako.~~
Harusini tutakwenda wote.

Ila shati lako nimeliona mlangoni. Kola imenyooka, lakini mgongo mzima umejaa makunyanzi. Yaani umenizimia kazi kwa ajili ya kola?

Mkeo