Chupa Niliyokujazia

Furaha, mdogo wangu niliyekubeba mgongoni,

Nyumbani kwetu Mangobo hakuna aliyekufundisha kunywa. Pombe ilikuwepo tu, kama maji ya kunawa. Mama alipika lotoko, ile pombe kali ya mahindi, nyuma ya jiko, mimi dada yako mkubwa nikawapimia wateja, wewe ukaosha glasi. Uliijua harufu yake kabla hujajua kusoma.

Ile Jumapili darasa lenu lilikuwa linakwenda kutembea mtoni Tshopo. Ulikuwa na miaka kumi na tano. Ulinijia umevaa gauni la kijani.

"Yaya, nipatie chupa moja."

"Ya nini?"

"Bote banakunywaka kule. Mi nitakunywa soda ya sukre peke yangu kama mutoto?"

Nilicheka. Nikasema, "Bon, lakini Mama asijue." Nikakujazia kwa mkono wangu mwenyewe.

Saa tisa mchana walikuja kutuita. Uliingia majini ukicheka, walisema, mkondo ukakuchukua. Wavuvi walikupata kesho yake.

Kwenye matanga, rafiki yako Neema alikaa karibu nami siku tatu. Siku ya nne akanishika mkono.

"Yaya, sisi hatukunywa. Tulilowesha midomo tu. Tulijua yeye amezoea, pombe inatoka kwenu. Tuliogopa atatucheka."

Tangu hapo usingizi wangu umeharibika. Wewe ulimeza kwa sababu yao. Wao walijifanya wanakunywa kwa sababu yako. Na mimi, niliyeweza kukataa, nililiamini lile "bote" bila kuuliza ni akina nani. Mara nyingine nikiwa jikoni nasikia unaniita. Nageuka.

Mama ameacha kupika lotoko, lakini watoto bado wanabisha hodi. Juzi asubuhi alikuja msichana mwenye sare ya shule, chupa tupu mkononi. Nikamwambia hakuna. Hakubishana, alivuka njia kuelekea nyumba ya tatu, ambako pombe ipo. Nilisimama nikimtazama, halafu nikamkimbilia, nikamshika bega. Sikujua nianzie wapi, basi nikaanza na jina lako.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza polepole, "Yaya, kweli katika darasa lote hakuna hata mumoja alikunywa?"

"Mumoja tu," nikamjibu.

Pumzika, mdogo wangu. Nisamehe ukiweza.

Yaya wako