Barua za Mama Ndani ya Katoni ya Shirika

Papa wangu, wewe uliyelala Nyamitaba chini ya mikaratusi,

Kwa heshima kubwa, nikiwa nimevaa kravati ninapoandika, nakutangazia rasmi kwamba umekatazwa kunuka moshi. Uamuzi umetolewa na chumba cha kutunzia nyaraka cha chuo kikuu, huku mjini. Karatasi zote zenye harufu hupelekwa kwanza kwenye chumba cha pembeni zipigwe upepo, na zako, Papa, zimekaa huko mpaka wafanyakazi wanakiita chumba hicho jikoni.

Niliwaeleza. Nikawaambia kwamba ulikuwa sekretere wa shirika la wakulima na wafugaji tangu mimi nina meno ya maziwa, na kwamba nyaraka zote za shirika ulizitundika juu ya moto wa Mama, ndani ya mfuko wa mbolea, kwa sababu mende hawapendi moshi. Walinisikiliza kwa adabu. Halafu wakafungua dirisha.

Hilo la moshi ningelimeza. Lakini wewe, Papa, mtu mzima, mwenye ng'ombe na mashamba, ulishindwa kweli kununua kayee, daftari tu la shule?

Nakumbuka ile siku ya mkutano nyumbani kwetu. Karatasi ziliisha katikati ya maneno, wazee wakiwa wamekaa, mvua inapiga bati. Uliingia chumbani, ukatoka na bahasha ya Mama, ile ya barua ulizomwandikia yeye akiwa bado msichana kwao Ntoto, msituni. Ukageuza barua ya kwanza, ukaendelea kuandika mgongoni mwake kana kwamba hakuna kilichotokea. Mama alichungulia kutoka jikoni.

"Papa Bahati, hiyo karatasi umeitoa wapi?"

"Nyuma yake iko mweupe, Mama Bahati. Upande wako siugusi."

"Upande wangu! Ulinibembeleza huku, sasa unaandika bei ya maziwa kule?"

Wazee walicheka mpaka mmoja akamwaga kinywaji chake. Na wewe, kwa uso mkavu, uliandika kwamba mkutano ulisimama kidogo kwa sababu ya kelele kutoka jikoni. Nimeisoma sentensi hiyo juzi. Imo kweli, kwa Kifaransa chako cha kanisani. Tangu siku hiyo ulizoea, na bahasha ya Mama ikageuka kuwa duka lako la karatasi.

Tulipokimbia vita mara ile, tukashuka mpaka Mubambiro na godoro kichwani, Mama alikukuta na ule mfuko mgongoni. "Unaacha nyungu, unabeba mikutano?" Ulimjibu kwamba nyungu tutanunua. Hatukununua upesi, Papa. Tulipikia kwenye kopo la mafuta, na kila alipokoroga ugali alikutazama.

Basi. Vita vilipopanda tena, wewe ukiwa umeshazikwa, wenzako wa shirika waliuchukua mfuko ule wakaukabidhi chuo kikuu, uhifadhiwe. Walifanya vizuri. Ila hawakumuuliza mjane wako, ambaye sasa anapanga chumba kimoja huku mjini na alikuwa ameacha kila kitu kule. Aliposikia, aliniambia neno moja tu: "Bahati, ulete barua zangu."

Nikaenda kuzileta. Kazi ndogo, nilidhani. Pale nilimkuta dada Neema, mtunza nyaraka, msichana wa umri wa binti yangu, mwenye glavu nyeupe na subira ya muuguzi. Ana katoni mbili: moja ya nyaraka binafsi, nyingine ya nyaraka za shirika.

"Papa, hii njo ya nani?" aliniuliza, ameinua barua moja.

"Ya Mama yangu."

"Upande gani?"

"Wa mbele."

"Mbele iko wapi?"

Nilifundisha Kifaransa maisha yangu yote, lakini Kifaransa changu huisha nikikasirika, na kichwa changu kisicho na nywele huanza kung'aa. Nilirudi mara nyingi mpaka mlinzi akawa ananiuliza hali ya watoto. Mkuu wa pale akanieleza, bila ubaya, kwamba ukitoa barua umetoa na kikao. Wenzako nao wakaja juu: mgongoni mwa barua zile ndipo mlipoandika makubaliano ya njia ya ng'ombe, wapi wapite wasikanyage maharage ya watu. Kuna vijana wanaobishania njia hiyo hata leo, huko huko kambini walikokimbilia. Chuo kikajitolea kumpa Mama fotokopi.

"Fotokopi?" alisema Mama. "Baba yako alinioa na fotokopi?"

Ningekuwa na uwezo, Papa, ningekufufua kwa dakika chache tu, nikupe kayee mpya, kisha nikurudishe.

Sasa taarifa ya chuo imetoka. Imeandikwa vizuri sana: familia, kwa kutambua thamani ya nyaraka hizi kwa jamii, imekubali kwa moyo mweupe kuziacha zote. Nimeitia sahihi. Wajomba wananisifu kwamba nilimshawishi Mama kwa hekima. Lakini wewe ni lazima ujue ilivyokuwa.

Nilimpeleka Mama mwenyewe. Nilikuwa nimeandaa hotuba, na haikutoka mfukoni. Neema alimpa glavu, Mama akazisukuma pembeni: "Mikono hii njo ilizipokea." Akavaa miwani yake, akaanza kusoma kwa sauti, ndani ya chumba ambacho hata kukohoa ni kosa. Wanafunzi waliinua vichwa. Hakuna aliyemnyamazisha. Alisoma moja, akacheka; akasoma nyingine, akakutukana kidogo. Sikujua kama ulikuwa na maneno matamu vile, Papa. Kwetu ulizungumza juu ya kupe tu.

Halafu akafika kwenye moja, akaisogeza karibu na miwani. Uliuliza humo kama yeye, mtoto wa msitu, ataweza baridi ya kule kwetu milimani.

"Hii sikumujibia," alisema. "Nilikuja tu."

Akamwomba Neema kalamu ya risasi. Neema alinitazama mimi. Mimi nikatazama dari. Mama aliandika polepole chini ya sahihi yako, akaikunja kama inavyokunjwa barua ya kutumwa, akampa Neema mkononi.

"Sasa muchunge zote. Miye nachoka kukimbia na vitu. Kwangu mvua inaingia, na kesho sijue niko wapi. Hapa ata watu wakikimbia, karatasi itabakia."

Nilimshika mkono tukatoka. Nje hakulia, aliniuliza tu kama nimekula.

Nilirudi kesho yake peke yangu kusoma, kwa sababu mimi ni mbea, unanijua. Nakupa jibu lako kama lilivyo, maana barua ni yako na limechelewa vya kutosha. Ameandika: "Ile baridi niliiweza. Hii ya sasa njo inanishinda."

Pumzika, Papa. Nitaendelea kumtembelea.

Kifungua mimba wako