Turbo Mbili za Bahati

Mugunga, Jumanne, mwezi wa tano

Bahati, mdogo wangu,

Lava ya volkano imefunika garaji yetu, lakini watu wananifuata hata huku kambini. Leo dereva mmoja wa Rutshuru aliniuliza, «Muzee, nipe moteri ndogo ya gari yangu nguvu. Turbo mbili ao kompresa?»

Zote zinasukumia moteri hewa. Kompresa inazungushwa na mkanda wa moteri, kwa hiyo inakula esanse, yaani petroli. Turbo zinazungushwa na moshi unaotoka bure. Turbo ndogo inaanza, kubwa inamalizia. Ndiyo maana nilikufungia mbili kwenye gari lako. Wewe ulitaka kompresa.

«Yaya, ku bariyeri wanasema zima moteri palepale,» ulinionya mimi mkubwa wako. Nilicheka.

Turbo ikizimwa ghafla ingali ya moto, oili haiifikii tena, inaungua. Zako ziliungua ulipozima kwenye bariyeri ya waasi waliofunga barabara. Risasi zilipoanza, gari halikuweza kupanda mlima, ukafia humo.

«Weka kompresa,» nilimwambia dereva.

«Eh, muzee! Hiyo itakunywa esanse yangu yote!»

Nilitaka kumweleza habari yako. Nikaanza kukusanya spana zangu. Akaenda kwa fundi mwingine, na huyo atamfungia turbo.

Sijui kama nitashika spana tena.

Unikumbuke huko uliko, mdogo wangu.