Kiburu cha Mzee Elia

Mama Sifa mpenzi,

Hamjambo hapo Korogwe? Lile tuta la reli lililotitia kwa mvua tumeshalijenga upya, na leo tumelijaribu. Tulijaza mawe kwenye mabehewa badala ya abiria, kupima uzito. Dereva wetu, Mzee Elia, akanipa bakuli lake la kiburu, ndizi zilizopondwa na maharage: "Nishikie. Nisiporudi, kula wewe."

Treni ikapita taratibu, mimi nimechuchumaa, macho kwenye reli kuona kama zitazama. Hazikuzama, Mungu mkubwa! Mzee akashuka anacheka, akataka chakula chake. Bakuli lilikuwa tupu. Kwa hofu nilikuwa nakula bila kujijua.

"Kumbe ulishanizika!"

Sasa pandeni treni mje, nimewakumbuka mno. Umfungie Mzee Elia chakula kizuri, maana ndiye atakayewaleta.

Wako, Baba Sifa
Moshi