Ju si Juu

Bula Iftin,
Garissa.
Jumamosi, 14 Juni 2025.

Mpendwa binti yangu Idil,

Assalamu aleikum warahmatullah. U hali gani, na huyo aliye tumboni bado anakupiga mateke? Miguu imepungua kuvimba? Sisi hatujambo, alhamdulillahi, ila joto tu na goti langu. Jibu la viza halijatoka, lakini naomba kabla hujajifungua mimi habaryar wako niwe hapo Hong Kong, nikulee arobaini yote kama dada yangu, marehemu mama yako, angekulea.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu Abdinoor huweka spika, na mambo ya leo sitaki mumeo ayasikie, wala jirani yenu. Nikimaliza nitaipiga picha barua hii nikutumie.

Uliniambia nijifunze viungo vya mwili kwa Kikantoni, ili hospitalini niweze kumwambia muuguzi panapokuuma. Nimejifunza. Mimi niliyefundisha Kiswahili Balambala miaka ishirini na sita, sasa nakaa mbele ya simu nikijishika masikio. Tumbo ni tou. Pua ni bei! Yaani huko nikiulizia bei ya mbuzi, wataniletea pua yake.

Lakini ile video aliyonitumia mumeo, mwenyewe aliitazama kweli? Mwalimu ni mama mmoja mchangamfu, amesimama buchani. Anajigusa pua, anasema bei. Halafu ananyanyua pua ya nguruwe, nzima, na nywele zake, anasema ju bei. Sikio lake, yi. La nguruwe, ju yi. Kufika kwenye ulimi, akautoa wa kwake, kisha akaushika ule mwingine kwa mkono mtupu, unateleza. Nilitema mate, chai ikamwagika. Ebla muuza maziwa alikuwa kando yangu, akapiga kelele, pua kwake ni bua: "Wallahi Fatumo, zima hiyo kitu, bua ya nguruwe inatuangalia!"

Simu nimeifuta mara saba, na ingekubali ningeifuta kwa mchanga. Hata hivyo somo nililimaliza. Nilifunika kioo kwa mtandio nikasikiliza sauti tu, kwa ajili yako.

Sasa jana unanitumia ujumbe, una furaha, eti jirani yenu Bi Lam ameshaloweka tangawizi na siki kwenye chungu cha chakula chako cha uzazi, na ukijifungua atatia mayai na ju gek. Ukacheka, ukasema hicho ni Kiswahili kitupu: gek ni mguu, basi ju gek ni mguu wa juu, kama makongoro ya mbuzi tunayompikia mzazi huku.

Idil, ju si juu. Ju ni nguruwe.

Nilitoka nje nikainama ukutani. Kwato hizo niliziona buchani mle kabla sijafunika kioo, zimepangwa kama viatu, na kucha zake za manjano. Zichemke, ziingie kinywani mwako, zigeuke maziwa ya mtoto wetu! La, la, la. Hata sasa naandika nimeziba mdomo.

Najua hujala, maana hujazaa. Kama ulionja, ulionja siki na tangawizi tu, tulia. Lakini mwambie leo: m sik ju, sili nguruwe. Atie yeung gek, miguu ya mbuzi, na Abdinoor ainunue kwa mchinjaji Mwislamu.

Usimwambie kwa kukunja uso kama ninavyoukunja mimi hapa. Mwanamke huyo anakupikia kwa sababu ameona huna mama karibu. Nasema kweli, nimemwonea wivu. Amesimama mahali pangu, na mimi nimekaa Garissa nangoja karatasi.

Safiyo wa Sangailu anakusalimu sana, na mjomba wako Yahye, na Ebla ambaye hajala vizuri tangu siku ile. Msalimie Abdinoor, na video aifute. Mwenyezi Mungu akufungue kwa wepesi, wewe na mtoto mtoke salama.

Na kama viza itachelewa, mfundishe Bi Lam neno moja la kwetu: hooyo. Uchungu ukikushika utaita mama kwa Kisomali, hutakumbuka lugha nyingine, na nataka awepo chumbani mtu anayejua unamwita nani.

Ni mimi nikupendaye na nikuombeaye,
Habaryar Fatumo