Ngazi ya Mzito

Jumanne, 4 Juni

Baba,

Ngazi imeshatoka getini, imefungwa juu ya gari, imekwenda, na mimi nimeapa kunyamaza. Hapo ndipo nilipo. Naona nimeanza bila salamu, utasema mji umeniharibu. Shikamoo. Mgongo wako unaendeleaje? Mama bado anakohoa? Mimi mzima, ila usingizi unakuja kwa kusuasua. Ningepiga simu, lakini unanijua, kwenye simu mimi napumua tu.

Karakana yetu ina desturi. Ngazi haiuzwi mpaka Mzito aipande hadi kidato cha juu na kurukaruka, akishuka ndiyo anaigonga alama kwa nyundo. Mzito ni yule fundi aliyenipokea nikiwa sijui hata kushika koleo. Wanamwita hivyo kwa sababu ni mzito kweli. Wateja wanasema ngazi iliyombeba Mzito itabeba na nyumba. Mimi wananiita Uzi, na sina la kukataa.

Sasa goti la Mzito limekufa. Hapandi tena. Anangoja wenzake waende kula, anagonga alama, basi. Mimi sili nao, unajua ninavyoona haya kutafuna mbele za watu, ndiyo maana nilimwona. Akanishika mkono: "Apa kwanza, Uzi, halafu nikwambie." Nikaapa kwa jina la Mungu kwamba sitamwambia mtu. Nilidhani siri ni goti tu.

Jana mama mmoja, fundi wa kupaka rangi, akaja, akanunua ngazi ndefu aliyochomelea Mzito mwenyewe. Jumatatu ijayo anaanza kupaka ukuta wa shule. Gari lilipoondoka Mzito akakaa kwenye ndoo, akaniambia polepole, "Kile kidato cha tisa, sikumbuki kama niligeuza ngazi nikachomelea na upande wa pili." Na rangi imeshafunika, Baba.

Nikasema twende tukaangalie. Akaniambia nipime faida na hasara. "Nikijulikana nafukuzwa leo, wanangu wanalala njaa, hilo la hakika. Yule mama kuanguka ni labda. Utauza la hakika kwa labda?" Nikakosa jibu. Mimi jibu hunijia nikishafika nyumbani.

Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kiapo hakivunjwi. Nifanyeje? Dereva wa lori la mbao ndiye anakuletea hii, mpe jibu akirudi.

Mwanao

*

Alhamisi, 6 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo upo, kila asubuhi unanikumbusha kwamba ni wangu. Mama yako amepona, kimebaki kile kikohozi cha kunijulisha kwamba nimemuudhi.

Barua yako nimeisoma nimesimama na ufagio katikati ya nyumba ya ibada, na sikumaliza kufagia. Sikiliza. Jina la Mungu si kofia, uivae ukitaka, uivue ukisikia joto. Umeapa, umeapa. Dhambi ya ngazi iko shingoni mwa Mzito. Ya kiapo itakuwa shingoni mwako. Usimtaje. Nyamaza, umwachie Mungu.

Mama yako anasoma nyuma ya bega langu, anasema niandike hivi: "Na kama Mungu ameshamtuma huyu mwanetu?" Nimeandika kwa sababu habanduki hapa mpaka niandike.

Baba yako

*

Jumanne, 11 Juni

Shikamoo Baba, na Mama mwambie swali lake nililala nalo, nikaamka nalo. Natumaini hamjambo. Mimi leo sijambo kweli.

Kiapo sikukivunja. Nilifikiri mpaka nikaona niliapa kufunga mdomo, miguu sikuifunga. Jana asubuhi nikaenda kule shuleni. Nilisimama getini mpaka mlinzi akadhani nimekuja kusomeshwa. Mimi ambaye kidato cha shule sikukifikia, navijua vya ngazi tu!

Yule mama alishakanyaga cha pili, kopo la rangi mkononi. Nikasema, "Shikamoo mama, naomba nikwangue ngazi yako."

"Ukwangue nini, mwanangu? Mpya hiyo!"

"Kidato cha tisa tu, mama."

Akanitazama, akashuka. Tukailaza. Nikakwangua kwa msumari chini ya kidato. Upande mmoja chuma kimeshikana vizuri. Upande wa pili hamna kitu, Baba, rangi tupu ndiyo ilikuwa imekishikilia. Yule mama akatazama ukuta mpaka juu, akanitazama mimi. Hakupiga kelele. Akatupakia wote wawili, mimi na ngazi, akaturudisha karakana.

Bosi akatupanga uani. "Alama hii ya Mzito. Nani alimwona akiipanda?" Kisha akanigeukia. "Uzi, wewe huongei lakini unaona kila kitu."

Macho yote kwangu. Jasho likanitoka hata masikioni. Nikasema, "Nimeona kitu, na nimeapa nisikiseme. Kukisema siwezi. Kusema sikuona, hilo pia siwezi."

"Umemwapia nani?"

"Na hilo limo ndani ya kiapo, bosi."

"Eh, Uzi amekuwa wakili!" mmoja akasema nyuma, wakacheka. Bosi hakucheka. "Unajua naweza kukufukuza wewe?"

"Najua."

Baba, jibu lilinijia palepale. Sikungoja nifike nyumbani.

Ndipo Mzito akainuka kwenye ndoo yake. Ilimchukua muda, lile goti. "Kiapo alinipa mimi," akasema, "na mimi namrudishia. Uko huru, Uzi. Bosi, sijapanda ngazi tangu mvua ziishe."

Bosi akaitazama ile alama, akauliza, "Sasa kila fundi akigonga alama bila kupanda, hiyo alama itakuwa nini? Si kelele ya nyundo tu?" Mzito hakufukuzwa. Bosi alisema akimfukuza aliyekiri atabaki na wanaojua kuficha. Ila amenyang'anywa nyundo, sasa anakata mabomba amekaa. Na sisi tunazunguka kwa wateja kukagua kila ngazi aliyoigonga tangu mvua ziishe.

Tangu jana Mzito hanisemeshi. Hilo tu ndilo linaniuma.

Mwanao

*

Ijumaa, 14 Juni

Mwanangu,

Marahaba, na nyingine juu yake. Nilikwambia umwachie Mungu, kumbe nilikuwa natafuta mahali pa kuuficha woga wangu. Mama yako hajasema "si nilisema." Anapita tu huku anaimba, na hiyo ni mbaya zaidi.

Habari yako nimeizungusha mtaa mzima, majirani sasa wakiniona wanakumbuka wana safari. Hata kiongozi wetu wa ibada nilimsomea. Nilipofika pale ulipokataa kusema na ukakataa kudanganya, akaniuliza, "Kijana huyu kasomea wapi?" Nikamwambia, "Kwangu, siku niliyokosea."

Mzito usimkimbie. Mtu aliyekurudishia kiapo chako mbele ya watu si adui. Msalimie kila asubuhi. Asipoitika, kesho ipo.

Baba yako

*

Jumatatu, 17 Juni

Baba,

Shikamoo, na Mama pia. Sisi huku wazima. Nasema sisi kwa sababu leo Mzito ameitika.

Bosi amenikabidhi nyundo ya alama. Mimi! Nikamwambia hapana, mimi mwepesi, hata ngazi mbovu itanibeba. Wakafikiri, wakashona mfuko wa mchanga wa kuvaa mgongoni. Wametupima, mimi na mfuko tukijumlishwa tunatoa Mzito mmoja kamili. Karakana nzima iliangua kicheko, Mzito naye akacheka, akaja kunifungia kamba mwenyewe. "Kaza hapo, Uzi. Ukidondoka, baba yako atanitafuta na ule ufagio." Habari zako nilishamsimulia.

Ngazi mpya ya yule mama tayari, nimeichomelea mimi, pande zote mbili, nikakagua, nikakagua tena. Lakini amesema haipokei mpaka mgonga alama aipande palepale ukutani, mbele ya macho yake. Na ya shule nzima. Haya imenijaa, Baba, na bado naona kama nimerefuka.

Inabidi niondoke sasa. Gari linapiga honi, ngazi imeshafungwa juu, na Mzito amekaa mbele na mfuko wa mchanga mapajani. Amesema chini atanishikia yeye.

Mwanao